Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Mama Redio aliapa mbele ya jengo zima kwamba amesikia mlango ukifungwa.

"Na si mara moja," alisema, kidole juu. "Mara tatu! Kwanza unalia kiii, kama paka aliyekanyagwa mkia. Halafu pwaa! Nikasema leo kuna shetani ghorofa ya tatu."

Watu wakashika midomo. Ilikuwa imepita miaka tisa tangu Kamati ya Uwazi ing'oe milango yote ya mji, ili watu wasifichane. Siku ile walipiga makofi hadi viganja vikawaka. Mwaka uliofuata yakaondolewa mapazia, wakapiga tena. Tangu hapo mtu alioga huku jirani akimkumbusha kusugua kisigino. Hakuna aliyeona haya, au hakuna aliyethubutu kusema anaona haya, na kwa watu wa jengo lile hayo yalikuwa mamoja.

Aliyeishi ukuta kwa ukuta na Mama Redio ni binti mmoja seremala. Walimwita Fundi, kama walivyomwita baba yake. Mzee alitengeneza milango ujana wake wote. Ilipopigwa marufuku, wakampa kazi ya mabenchi: ya kukalia majirani wanapokuja kukutazama. Alikufa miezi miwili iliyopita, randa mkononi.

Fundi hakuwa amemlilia baba yake. Si kwamba machozi hakuwa nayo. Kila yalipoanza kumlenga, Mama Redio alikuwa keshafika na kigoda chake.

"Lia tu, mdogo wangu, tupo."

Nyuma yake wengine sita, saba, shingo ndefu kama bata, wakinong'onezana. Jana alikaribia kulia zaidi. Huyu analilia puani. Mbona hapigi kelele, kwani mzee hakumpenda? Machozi yakarudi yalikotoka. Binti alitaka saa moja tu ya kumlilia baba yake bila kutazamwa. Katika mji ule wote, saa hiyo haikuwepo.

Kamati ilipanda ngazi hadi chumbani kwa Fundi, na jengo zima likapanda nyuma yake likisukumana. Kweli, mlango ulikuwepo, umesimama kwenye fremu yake kama mgeni aliyekataa kuondoka. Tena waliujua vizuri sana. Ilikuwa ile meza ya mzee! Aliuwekea miguu minne, akauficha pale pale machoni pao, na Kamati yenyewe ilikuwa imeunywea chai miaka tisa.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, amevaa sweta, kamba za viatu amefunga. Pembeni yake palikuwa na kifurushi: shuka, mche wa sabuni, picha ya baba yake.

Mwenyekiti alisukuma mlango kwa ncha ya kidole. Bawaba zikalia kiii.

"Fundi mzima wewe, hata tone la mafuta umeshindwa kutia?"

"Mafuta yameisha."

Kopo la mafuta lilikuwa dirishani, limejaa pomoni. Hakuna aliyeliona. Watu wale walikuwa hodari wa kutazama watu, vitu viliwapita.

"Mara tatu umejifungia. Kwa nini tatu?"

"Nilidhani ya kwanza haikusikika."

"Jeuri hiyo!" umati ukafoka. "Mnaona jeuri hiyo?"

Mwenyekiti akakunjua karatasi yake. Watu wakarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa adhabu waliijua wote, na hakuna aliyependa kuisikia ikitajwa.

"Chumba cha chini," akasoma.

"Jamani, msimpeleke chini!" Mama Redio akaangua kilio, yeye aliyewaita. "Mtoto wa watu! Mchapeni viboko, yaishe!"

"Kwa muda gani?" Fundi aliuliza.

"Miezi sita."

Kidevu cha binti kikatetemeka. Mwenyekiti alikiona, akaridhika. Alipenda sana kuona mtu ameelewa somo.

Wakateremka naye, kifurushi chake kwapani. Mlango wake ukang'olewa, ukaegemezwa chini ya ngazi usubiri kupasuliwa kuni. Walipofika mwisho wa korido, majirani wakabaki nyuma, wengine wakajifunika nyuso. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemsogeza mbele, na sauti yake ikawa ya upole, kama ya daktari mwenye habari mbaya.

"Humo ndani hakuna mtu atakayekutazama," alisema. "Hata mmoja. Mchana wala usiku. Ulitaka mwenyewe."

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na kuta nne tupu. Kilikuwa pia na mlango, wa mwisho uliobaki mjini kwa amri ya Kamati, mzito, wa mbao ngumu. Fundi alipopita aliupapasa ukingo. Alama za randa ile alizijua, ya baba yake.

Ukafungwa nyuma yake. Bawaba hazikutoa hata mlio. Mzee hakuwa mtu wa kusahau mafuta. Ufunguo ukazunguka.

Binti akasubiri hadi nyayo zikaisha koridoni. Kisha akaiweka picha kitandani, akapiga magoti mbele yake, akamlilia baba yake kwa mdomo wazi, kamasi zikimtoka, kwa sauti yoyote iliyomjia.

Kilio hakikuwa kimefika mbali. Kitu kilikwaruza kwenye tundu la ufunguo.

"Fundi... Mdogo wangu, ni mimi jirani yako." Mama Redio alikuwa akinong'ona, pumzi juu juu. "Ule mlango wako bado uko chini ya ngazi, nimeufunika mkeka. Hebu nielekeze upesi, kabla hawajarudi. Bawaba unaanza kufunga ya juu au ya chini?"

Fundi akamega sabuni, akaziba tundu.