Chai ya Ukweni

Siku hizo kila marehemu alipimwa damu kabla ya kuzikwa. Aliyekutwa na sumu ya dampo alipelekwa Kilimani, kwenye makaburi yaliyotandikwa plastiki nzito, ili sumu isichuruzike tena kwenye maji ya ardhini.

Huko ndiko alikolazwa Maganga. Alizaliwa jirani na dampo, akanywa maji ya kisima cha kwao hadi utu uzima. Mkewe, Nyamizi, aliolewa kutoka mbali, visima vikiwa vimeshafungwa, naye alikunywa ya bomba tu. Waliishi pamoja miaka thelathini na minane.

Arobaini ilipopita, Nyamizi alikwenda ofisi ya makaburi kuomba alale ubavuni mwa mumewe siku yake itakapofika.

“Pole, mama,” karani alimwambia, akimrudishia cheti cha damu. “Wewe u safi. Kule hawazikwi wasafi.”

“Hata nikitaka mwenyewe?”

“Hata ukitaka. Mshukuru Mungu.”

Nyamizi alimshukuru Mungu, akarudi kwenye nyumba iliyokuwa kubwa kuliko alivyoiacha.

Kulipokucha alichukua ndoo, akaenda kwenye kisima cha kina Maganga, ambacho mfuniko wake wa zege ulikuwa umepasuka. Maji yalitoka ya kahawia, yakinuka kutu. Alijua kuyachemsha hakuondoi kitu. Aliyachemsha, akatia majani na tangawizi, akaketi barazani na kikombe.

“Mama, leo chai yanukia!” jirani alimwita akipita. “Ya wapi hiyo?”

“Ya ukweni, mwanangu,” Nyamizi alijibu, akapiga funda la kwanza taratibu.