Kanga Iliyomsema Wifi

Tarehe 3 Machi 2081, kulipambazuka kwa manyunyu. Siku hizo kanga zilibadilisha maneno kila alfajiri, kufuata kilichomchekesha mvaaji mtandaoni jana yake. Mwanahamisi, aliyekuwa akiyachunguza mabadiliko hayo kwa ajili ya darasa la jioni, aliyanakili maneno ya kanga yake kila asubuhi. Leo, kwa haraka ya kumpikia wifi yake Salha, aliyemnunia mwaka mzima, hakuyasoma.

Salha aliyasoma mlangoni: "Umekuja kula tena?"

"Si mimi, wifi, ni kanga!"

"Na aliyecheka ni nani?"

Mwanahamisi alikumbuka kichekesho cha mawifi alichokicheka mtandaoni jana yake. Alimwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, kisha akawageukia majirani waliokuja kumsaidia kupika.

"Nishuhudieni. Kuanzia leo, nikiwa na neno na wifi yangu, nitamwambia kwa mdomo wangu."