Bawa la Nne

Mjinga wa siku ile alikuwa Tertinius, na mwenyewe alikuja kukiri hivyo kila alipolewa. Akiwa hajalewa, hakutaka hata kusikia neno nguruwe.

Alisimama kaziba pua kwa pindo la joho, kiatu kimoja kimezama katika kitu ambacho hakuthubutu kukitazama. Karakana ya Freio, mchonga mawe wa Colonia, mji wa Warumi kando ya mto Rhein, ilipakana na banda la nguruwe la mkewe, Louba, na upepo ulikuwa unatoka upande wa Louba.

Tertinius alikuja kukagua kaburi lake. Hakuwa anaumwa, ila askari mstaafu wa Roma mwenye akili hawaachii warithi kazi hiyo. Jiwe lingesimama kando ya barabara kuu, kila mpita njia asome: HUYU HAKUIACHA NGAO YAKE. Sifa hiyo ndiyo iliyomkalisha mbele katika kila karamu ya wastaafu. Vitani, kule kwenye vinamasi vya ng'ambo, wenzake walipotupa ngao wakatimua mbio, yeye aliuogelea mto Rhein na yake mgongoni. Hadithi hiyo aliijua kila mtu mjini, wengine kwa kulazimishwa.

Ngao ilikuwa imechongwa pale juu ya jiwe, ndefu, ya pembe nne, imejikunja kama kigae cha paa. Kwa umbo hakuwa na neno. Macho yaliposhuka kwenye mapambo, radi yenye mabawa iliyokuwa alama ya kikosi chake, uso ukamkunjamana kama aliyetafuna inzi.

"Hii radi gani? Kikosi kizima radi zetu zilikuwa na mabawa manne. Mimi umenipa matatu. Mimi kuku wa kunyonyolewa?"

Freio alijibu bila kuinua kichwa kwamba amechonga alichokiona.

"Ulichokiona wapi? Ngao yangu niliirudisha ghalani kwa mikono yangu siku nilipostaafu."

Chini pembeni kulikuwa na baya zaidi: kiraka cha ngozi, na nyuzi zake zimechongwa mmoja mmoja kwa upendo. Tertinius akatema mate. Kiraka, kama suruali ya mchunga mbuzi wa ng'ambo ya mto! Akarudi nyuma kwa hasira, akaegemea mlango wa banda.

Alipoutoa mkono, vidole vilinata. Mlango wenyewe ulikuwa ubao uliopinda, umening'inizwa kwa kamba, umegandwa na mavi ya zamani na ya asubuhi ile mpaka mbao haionekani. Nguruwe jike akachomoa pua pembeni yake, akalipigia joho chafya yenye makamasi. Tertinius akaupiga ubao teke.

"Mama, uchafu gani huu? Uchomeni moto."

"Usiupige, mzee," alisema Louba, ndoo ya makombo mkononi. "Huo aliniachia marehemu baba, kutoka kule kwetu vinamasini. Una heshima yake humu ndani."

Tertinius akacheka, akasema kweli kwenu hata mavi yana ukoo. Kisha, akipangusa vidole kwenye jiwe lake mwenyewe, akatoa amri. Bawa la nne liongezwe, kiraka kifutwe. La sivyo, usiku wa karamu angesimama awaambie wastaafu wote kwamba Freio anachonga uongo, na asingepata tena maiti wa kumchongea hata jina.

Freio akaweka patasi chini. Wateja wake wote walikuwa wastaafu. Alisema, taratibu, kwamba bawa linaweza kuongezwa, na kiraka kinaweza kufutwa, ila maneno yale ya juu ndiyo yanayomsumbua mkono.

"Maneno yale yana nini?" Tertinius aliunguruma. "Nani mjini hapa anaweza kusimama aseme niliiacha ngao yangu?"

Freio akamtazama mkewe. Louba akatua ndoo, akapangusa mikono kwenye nguo yake.

"Mzee Tertinius, baba aliiokota kwenye tope pale ulipoitupa ukikimbia, akaitia kiraka. Wasogeze hao nguruwe, geuza mlango wao, usome jina lako kwa ndani, uhesabu na mabawa yaliyobaki. Halafu rudi utuambie tuandike nini."