Wamekubaliana Wote

Sheria ya Umoja wa Waarabu haina huruma: aliyeuawa vitani hazikwi mpaka nchi zote ishirini na mbili zikubaliane nani kamuua. Badar, mume wa Thuraya, ana mwezi wa nane kwenye jokofu la hospitali. Bomu lilimkuta dukani ananunua mkate. Na Thuraya hata eda hajakaa, maana serikalini bado ni mke wa mtu.

Kila Alhamisi anakwenda ofisini kuuliza, na kila Alhamisi kuna nchi moja imegoma.

Leo karani Khalfan kampokea mlangoni, meno yote nje. "Bi Thuraya, hongera! Wamekubaliana wote. Hata mmoja hakupinga!"

Thuraya akakaa chini palepale, machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi. Basi niende nikamchukue nimzike?"

"Umzike nani? Wamekubaliana kwamba siku ile hakuna bomu lililoanguka."

"Na Badar je?"

"Hajafa, Bi Thuraya." Khalfan akamsogezea fomu, sauti kaishusha. "Jaza hapa. Wanataka kujua mumeo kakimbilia wapi."