Mkanda wa Tandiko

Katunge aliutambua uzi wake mwenyewe kabla hajaona kwamba mkanda wa tandiko umekatika. Ulikuwa uzi wa gunia la kahawa, alioukunja mara mbili na kuupaka nta. Mkanda ulikatikia pale pale aliposhona, tandiko likapinduka, na mumewe akaangukia mawe ya mteremko wa Gakindu.

Nje ya stoo alimokuwa, waombolezaji walikuwa wamemzunguka farasi.

"Hii mnyama imeua mchungaji," alisema mzee wa kanisa. "Haiwezi kulala hapa leo."

"Kwani pikipiki ziliisha? Ati farasi!" mama mmoja akanong'ona.

Mumewe alikuwa amesoma kwamba wahubiri wa kwanza walipanda farasi kutoka kilima hadi kilima, wakiandika safari zao. Naye akafanya vivyo hivyo. Daftari lake lilikuwa bado kwenye mkoba wa tandiko. Katunge akafungua ukurasa wa mwisho.

"Mkanda umechakaa, na fundi yuko mbali, Nanyuki. Katunge ameushona. Nauamini mkono wake kuliko wa fundi."

"Mama Mchungaji," askari mwenye bunduki aliita mlangoni, "mwenye mnyama sasa ni wewe. Tumpige risasi ama tumwache?"

Katunge akatoka, mkanda mkononi. Farasi akanyoosha shingo na kulamba kiganja chake, akitafuta chumvi aliyozoea kupewa.

Akaukunja ule mkanda, akausukuma ndani ya leso yake.

"Mpelekeni mbali kidogo," akasema. "Nisisikie."