Kidole cha Mwenye Hofu

Bunduki ya nyumbani kwetu hufunguka kwa kidole cha yule anayeiogopa zaidi. Sheria ndivyo inavyotaka. Kila mwaka ofisa wa silaha huja, anailaza mezani, anatuvisha bangili ya kupima mapigo ya moyo mmoja mmoja, kisha anasajili kufuli kwa kidole cha mwenye hofu kuliko wote.

Miaka saba mfululizo nimekuwa mimi. Nguruwe pori wakivamia mahindi, mume wangu Sekibaha hunifuata jikoni kuniomba kidole. Namuuliza anakwenda kupiga nini, namtazama usoni, ndipo nafungua. Mara mbili nilikataa. Akanuna, yakaisha.

Leo asubuhi ofisa alinipima mimi, akampima mama mkwe, akamalizia na Sekibaha. Kwake akarudia.

"Mwaka huu ni wewe, baba," alisema.

Nilitaka kucheka. Mtu ameanza kuwinda kabla hajaota ndevu.

"Baba Tunu, umeanza lini kuiogopa?"

"Tangu masika."

"Kulitokea nini?"

"Hakujatokea kitu."

Ofisa akafuta alama ya kidole changu, akaweka ya mume wangu. Sekibaha alijaribu kufuli, likafunguka mara moja. Akalifunga upesi, akaficha mikono chini ya meza.

Tulipobaki wawili aliniambia, "Mama Tunu, ukiniona naelekea kwenye kabati la bunduki, niulize nakwenda kupiga nini. Kama siku zote."

Nikamwitikia. Kesho ni siku yangu ya gulio, na huwa narudi jioni.