Mwiko wa Nyamburi

"Unataka huyu afungwe?" mwenyekiti wa kitongoji alimuuliza Nyamburi kwa mara ya pili, mbele ya majirani waliojaa uani kwake, hapa Guta.

Nyamburi aliutazama mkono wake wa kulia, uliofungwa hogo la plasta kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kisha akamtazama mfugaji aliyeuvunja kwa fimbo, siku ng'ombe wake walipoingia kwenye shamba la muhogo na Nyamburi akawafukuza.

"Akifungwa, nani atasonga ugali?" alisema. "Watu saba humu ndani walikuwaga wanautegemea mkono huu. Aje asonge yeye, mpaka nipone."

Wanaume waliangua kicheko. Mtu mzima, mwenye wake wawili, ashike mwiko?

Mfugaji hakucheka. Aliinuka, akaiegemeza fimbo yake ukutani, akainama kuingia jikoni. Kicheko kikakatika. Ugali wa muhogo na mtama ni mzito kama udongo wa kufyatulia tofali. Walimsikia akihema, sufuria ikikwaruza mafiga.

Alitoka na sahani, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, akapiga goti na kuiweka mbele yake.

Nyamburi akamega tonge kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto, mbele za watu! Ni hapo mfugaji alipoinamisha kichwa.

"Nisamehe, mama."

Nyamburi alitafuna taratibu, ua mzima ukimtazama mdomo.

"Ugali una mabonge," alisema. "Kesho wahi, nikuonyeshe."